Mtani Haombwi Radhi

Wiki iliyopita tulimwacha Gelasius miguu ikiwa hewani.

Mlinzi wa ukumbi, pande la mtu, alikuwa amemkumbatia kwa nyuma kama anayehamisha friji. Kipaza sauti ambacho Gelasius alimpokonya mgombea, Daktari Ebrima Sanyang, kilikuwa bado mkononi mwake, na maneno yake ya mwisho yalikuwa bado yanazunguka kwenye dari:

"Huyu mgombea ni mtumwa wangu! Nani kampa ruhusa ya kugombea?"

Mtumwa! Mchana kweupe, Toronto, mbele ya ukumbi uliojaa, akiambiwa mtu mweusi aliyevaa suti na anayeomba ubunge wa Kanada.

Ebrima alibaki jukwaani mdomo wazi. Mtu huyu ni mchumi. Alitoka Gambia mwaka 2001 na sanduku moja, akasoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike, akaoa Mtanzania akajifunza na Kiswahili, akaingia benki kubwa ya mjini. Bei ya nyumba ikipanda, aliitwa kwenye televisheni kueleza kwa nini. Ikishuka, aliitwa tena. Sasa, mwaka huu wa 2014, ameiacha benki ili chama kimteue. Kura za maoni ni Jumamosi. Akishindwa hana benki, hana ubunge, ana suti tu.

"Michelle, nifanye nini?" alinong'ona.

Michelle Nyaboke, Mkenya anayesimamia kampeni yake, hakuuliza mtu. Alimwonyesha mlinzi mlango kwa kidole.

"Msimtoe!" ilisikika sauti nyuma ya ukumbi. Ni Philomena, mke wa Ebrima, aliyekuwa akipakua pilau. Alitupa mwiko akakimbia. "Jamani, msimtoe huyo!"

Alichelewa. Mlango ulifungwa. Gelasius alikuwa nje kwenye theluji na shati lake, na koti lake lilikuwa ndani.

Kisha Genoveva, mke wa Gelasius, akainuka. Hakumtukana mtu. Alikwenda kwenye meza ya chakula, akafunika hotpoti lake la wali, akalibeba, akatoka. Akafuata mama mwingine na maandazi yake. Akafuata wa tatu na kuku. Wakabeba mpaka kachumbari, kachumbari iliyokwisha changanywa! Hapo ndipo Philomena alipojua kwamba mambo yameharibika. Ukiona Watanzania wanaondoka na chakula walichokuja nacho, usihesabu tena kura zao. Zimetoka ndani ya hotpoti.

Na bila kura za Watanzania wa mtaa wa Dixon, Daktari Ebrima hakuwa na kitu.

Kwenye gari Philomena ndiye aliyeshika usukani, na aliushika kama shingo ya mtu.

"Yule ni mtani wangu," alisema.

"Mtani ndiyo nani?"

"Mimi Mngoni, yeye Mhehe. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona heri wataniane. Yeye ananiita mtumwa, ananiita mla panya. Mimi namwita mla mbwa. Kwetu kukiwa na msiba, anaweza kuingia kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka tumbembeleze. Hakuna kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa."

"Lakini mimi si Mngoni!"

"Ndiyo maana yake, baba! Miaka yote hii nakwenda harusini peke yangu, msibani peke yangu, wewe uko benki na michoro yako. Watu wakaniuliza kama kweli nina mume. Leo unataka kura, umekuja. Gelasius angeweza kukaa kimya akakuacha mgeni. Badala yake kasimama mbele ya watu kakuita mtumwa wake. Amekuhesabu Mngoni! Alikuwa anakupigia kampeni, na wewe ukamwitia mlinzi."

Ebrima alitazama nje. Baadaye akasema polepole, "Kwetu tunao."

"Mnao nini?"

"Utani huo. Sisi Wajola na Waserer. Kulikuwa na mzee wa Kiserer jirani yetu. Anaingia bila hodi, anakula wali wa baba, anamwita mtumwa, anaondoka. Wiki ikipita baba hajatukanwa, anatuma mtu akaulize kama mzee yule anaumwa."

Philomena nusura apande ukingo wa barabara. "Kumbe unaujua!"

"Nimezaliwa nao."

"Sasa uliupotezea wapi?"

Daktari alifikiri. "Labda kwenye usaili wa benki."

Michelle alikuwa kiti cha nyuma, anatafuna kucha. "Hiyo maneno ya utani mimi sijui. Kwetu ukiita mtu mtumwa mbele ya watu, hiyo ni vita. Lakini kama tulimkosea, si basi tuombe msamaha? Kesho twende kwake, Dokta. Rasmi. Tubebe na matunda."

"Weee!" Philomena aligeuka. "Usithubutu kwenda kumwom..."

Simu yake ikalia. Hospitalini anakofanya kazi muuguzi mwenzake alikuwa ameshindwa kufika, na walimtaka aje upesi. Aliwashusha mbele ya nyumba yao ya Mount Dennis, akasema, "Nitakueleza nikirudi," akaondoka mbio.

Mtu mwenye busara angesubiri. Lakini mchumi ukimpa nusu ya habari, hiyo nyingine anaijaza mwenyewe.

Kesho yake mchana Daktari Ebrima na Michelle walikuwa wamesimama kwenye ujia wa ghorofa mojawapo la Barabara ya Dixon, Kingsview Village. Nje ndege zilikuwa zikishuka uwanjani. Ebrima alikumbatia kapu la matunda lililofungwa kwa karatasi inayong'aa, na nanasi lilikuwa likimchoma kidevu.

Genoveva alifungua mlango.

"Karibu, Daktari."

Daktari? Jana asubuhi alikuwa shemeji.

Gelasius akatoka chumbani, amevaa koti na tai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Huyu ni msimamizi wa mizigo pale uwanja wa ndege, na siku ya mapumziko hata Januari watu humkuta amevaa kaptula. Ukimwona na tai sebuleni, jua kuna jambo.

"Mheshimiwa Daktari Sanyang," alisema, akampa mikono yote miwili. "Karibu sana katika makazi yetu."

"Bwana Gelasius, nimekuja kuomba radhi."

"Hapana tatizo, Mheshimiwa. Mlinzi alifanya kazi yake."

"Nilikosea."

"Hapana, mimi ndiye niliyekosea. Nilidhani Mheshimiwa ni mtu ninayemfahamu."

Genoveva alileta chai kwenye vikombe vya wageni, vile vinavyokaa kabatini mwaka mzima. Walizungumza habari za hali ya hewa. Kisha Gelasius akasimama.

"Radhi imepokelewa, Mheshimiwa. Nakutakia uchaguzi mwema."

Mlango ukafungwa taratibu sana. Michelle alipiga makofi bila kutoa sauti. "Umeona? Huyo msee ni mstaarabu! Tumemaliza."

Ebrima naye alianza kutabasamu. Tabasamu halikufika mbali. Genoveva alikuwa ametoka nyuma yao, ameshika kanga kifuani.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "mume wangu amemwita mtu Mheshimiwa mara moja tu maishani. Alikuwa hakimu, na alikuwa anamtoza faini ya gari."

Akarudi ndani.

Lifti ikafunguka. Akatoka mzee mmoja nadhifu, amenyoa vizuri, ananukia udi, na mkononi ameshika bakuli la halua.

"Ala! Daktari!" alisema kwa furaha. "Uchumi hujambo?"

Ghulamabbas! Wakala wa bima, mzaliwa wa Tanga, na mpinzani pekee wa Ebrima kwenye kura za maoni. Ghulamabbas anaishi Brampton, Ebrima anaishi Mount Dennis, na wote wawili wanataka kuwawakilisha watu wa Dixon. Ndiyo siasa hiyo.

"Umekuja kufanya nini huku?" Ebrima aliuliza.

"Kumpa pole mwenzangu. Nasikia mmemtupa kwenye theluji. Sisi watu wa Tanga hatuna desturi hiyo. Sisi tuna halua."

Alipiga hodi. Mlango ukafunguliwa. Kabla lifti haijajifunga, Ebrima alimsikia Gelasius akicheka.

Philomena aliporudi kutoka kazini jioni, baada ya zamu mbili mfululizo, alimkuta mumewe anapiga pasi tai.

"Nimekwenda kwa Gelasius," alisema Ebrima. "Amenipokea vizuri mno. Nikamwomba radhi."

Philomena aliketi kwenye ngazi na koti lake, na buti zake, na theluji yake.

"Ulimwomba radhi?"

"Kwa moyo wote."

"Ebrima! Mtani haombwi radhi! Anayeombwa radhi ni mgeni. Ukimwomba radhi mtani umemwambia utani umekwisha, hatujuani tena. Mlinzi alimtoa kwenye ukumbi. Wewe umemtoa kwenye ukoo!"

"Sasa nifanyeje?"

"Mtukane."

"Nimpigie simu?"

"Simu? Alitolewa mbele ya watu. Mtukane mbele ya watu. Na tusi liwe tamu. Tusi bovu ni kosa jingine."

Michelle, aliyekuwa mezani na kompyuta yake, aliruka. "Zii! Haiwezekani! Sheria ya chama iko wazi. Mgombea akitumia lugha ya matusi kwenye mkutano, anatolewa hapo hapo. Na msimamizi anatoka makao makuu. Anaitwa Shahnaz, na huyo mama hana mchezo."

Basi ikawa hivyo. Akimtukana Gelasius, chama kitamwengua. Asipomtukana, Watanzania watampa Ghulamabbas kura zao. Ebrima alitafuta mchoro wa kueleza jambo hilo, akaukosa.

"Wewe ungefanya nini?" alimuuliza mkewe.

"Mimi sigombei kitu," alisema Philomena, akivua buti. "Wewe una jimbo la kushinda. Mimi nina watu wa kunizika."

Hakusema zaidi. Lakini siku zilizofuata, kila alipopita jikoni, alimkuta Daktari amesimama mbele ya jokofu anajaribu.

"Gelasius, una tabia zisizofaa."

"Hilo ni tusi au onyo la kazini?" Philomena alimuuliza.

"Gelasius, wewe ni... mtu mnene."

"Mungu wangu. Nenda kalale."

Jumamosi ikafika. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja, unanuka raba za watoto. Watu wa Ebrima upande wa kulia, watu wa Ghulamabbas upande wa kushoto, na katikati, nyuma ya meza, Bi Shahnaz wa makao makuu na miwani yake na kanuni zake.

Basi la Ghulamabbas liliwasili mwisho. Wakashuka Watanzania wa Dixon, wote. Walipita kushoto. Gelasius aliketi mstari wa mbele, tai ileile, na kifuani beji ya kijani ya Ghulamabbas.

Ghulamabbas alizungumza kwanza. Alizungumza kuhusu mabasi, kuhusu kodi za nyumba, kuhusu mama yake. Watu walipiga makofi mpaka goli za kikapu zikatikisika.

"Dr. Sanyang," akaita Bi Shahnaz.

Ebrima alipanda na hotuba yake. Akaanza kwa Kiingereza kizuri, ajira, riba, mfumuko wa bei. Makofi yalikuwa machache, kama manyunyu.

Ndipo alipoinua macho akamwona Philomena.

Alikuwa amekaa upande wa kulia peke yake, viti vitupu huku na huku. Ng'ambo ya ukumbi walikuwa mashoga zake wote, wale aliocheza nao harusini na kulia nao msibani. Hakuna aliyempungia mkono. Genoveva alimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Philomena alikuwa ameshika mkoba magotini, mgongo umenyooka, anatabasamu tabasamu la kukaza meno.

Ebrima aliikunja hotuba yake.

"Dokta, usithubutu!" Michelle alisema kwa midomo tu.

"Gelasius!" Ebrima aliita, kwa Kiswahili.

Gelasius aliinua kichwa. "Naam, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa ni mama yako! Mimi ni bwana wako! Mtumwa gani anavaa tai bila ruhusa? Umekaa kwenye kiti cha Ghulamabbas, unakula halua ya Ghulamabbas, umebandikwa beji kama mzigo wa uwanja wa ndege. Nani kakutuma?"

Mtu mmoja upande wa kushoto alikohoa. Bi Shahnaz alivua miwani.

"Mimi nimekaa jiji hili miaka mingi," Ebrima aliendelea, na sauti yake ikaanza kupata mwendo, sauti ya mzee fulani wa Kiserer aliyekuwa akiingia bila hodi. "Mbwa walikuwa wanabweka Dixon nzima. Umehamia wewe, kimya! Kila nguzo ya taa imebandikwa picha ya mbwa aliyepotea. Wenyewe wanalia, wanazunguka na kamba tupu, hawajui kwamba amekuja Mhehe! Nikichaguliwa, sheria yangu ya kwanza bungeni ni kuwalinda mbwa wa jimbo hili na mdomo wako. Simama nikuone, mla mbwa wewe!"

Gelasius alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Genoveva alimshika mkono, akadhani analia. Na kweli alikuwa analia, machozi yanamwagikia tai.

Akasimama. Akaibandua ile beji ya kijani.

"Mla panya mkubwa wewe!" alipaza sauti. "Kumbe una mdomo! Miaka yote hiyo ulikuwa umeuweka benki?"

Ukumbi ulilipuka. Genoveva alipiga vigelegele. Watu walivuka kutoka kushoto kwenda kulia, wengine wakiburuta viti vyao, mmoja akimbeba bibi yake. Philomena alizama katikati ya makoti na mikumbatio, na kwa mara ya kwanza tangu Gelasius atolewe ukumbini, lile tabasamu la kukaza meno likamtoka, akaanza kulia kama mtu wa kawaida.

Michelle alihesabu vichwa kwa macho. "Dokta," alisema, hajiamini, "tumeshinda."

"Hoja ya utaratibu!"

Alikuwa Ghulamabbas. Alikuwa amesimama, anajipangusa koti. Kwa Kiingereza safi alimweleza Bi Shahnaz kwamba, kwa masikitiko makubwa, mgombea mwenzake amemtukana mwanachama hadharani. Amemwita mtumwa. Amemwita mla mbwa. Na kanuni, kama Bi Shahnaz ajuavyo, iko wazi.

"Ghulamabbas!" Philomena alipiga kelele. "Mtoto wa Tanga mzima! Leo hujui utani?"

Ghulamabbas alitazama dari, kama mtu aliyeona huko kitu cha kusoma.

Bi Shahnaz aligonga meza. Akagonga tena mpaka kukawa kimya.

"Sitaki maelezo ya wagombea," alisema. "Namtaka aliyetajwa. Aje hapa."

Gelasius alikwenda mbele, bado anajifuta macho. Akapewa kipaza sauti.

"Bwana, nina swali moja. Sitaki historia, sitaki mila. Nijibu ndiyo au hapana. Mgombea huyu amekutukana?"

Ebrima akatikisa kichwa, sema hapana, sema hapana. Michelle alikuwa anaomba kwa Kikisii. Lilikuwa neno moja tu.

Lakini mtani aliyetukanwa tusi tamu namna ile, mbele ya watu wake wote, akisema hapana, amelitupa. Amelirudisha kwa mwenyewe kama chakula kilichooza, na mwenye tusi anabaki mgeni, na mkewe anarudi kwenye viti vitupu. Wahehe hawana desturi hiyo. Philomena alilijua hilo. Yeye hakutikisa kichwa.

Gelasius alinyoosha tai. Alivuta pumzi mpaka vifungo vya koti vikalalamika. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyerudishiwa ndugu.

"Ndiyo, mama," alisema, na kila kona ya ukumbi ikamsikia. "Amenitukana. Na kwa kweli, amenitukana vizuri sana."

Bi Shahnaz akavaa miwani yake, akafungua kitabu cha kanuni, akachukua kalamu, akalitafuta jina la Daktari Sanyang kwenye orodha ya wagombea.